Naomba ushauri: sabuni ya kufulia isiyo na harufu kwa mtoto mwenye pumu

Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa miaka 4 ana pumu. Akivaa nguo zilizofuliwa kwa sabuni ya unga yenye manukato, usiku kifua kinambana na shingoni anatoka vipele. Udi nimeacha kuchoma, na baba yake marashi anajipulizia nje barazani.

Sasa nafua kwa sabuni ya mche, nasuuza maji matatu. Naona nafuu, ila mashuka hayatakati vizuri. Dukani wananipa iliyoandikwa “harufu ya asili”, kumbe nayo imetiwa manukato. Hata ile ya ndimu inamfanya akohoe.

Nani anajua sabuni isiyotiwa harufu kabisa? Na siki kwenye maji ya mwisho, mmewahi kujaribu? Nisaidieni jamani, usiku silali, namsikiliza anavyopumua.