Cessna 172 kwenye simuleta: X-Plane 12, MSFS 2020 (Microsoft Flight Simulator) au FlightGear?

jostiki_kongwe: Wakuu, natafuta simuleta ambayo ndege ya propela inaruka kama ndege kweli. Mandhari si shida yangu. Nina laptop ya kawaida na jostiki ya kuzungusha. Nichukue ipi?

kusi_mkali: X-Plane 12. Hiyo inakata mabawa na bapa za propela vipande vipande, kisha inakokotoa nguvu ya kila kipande. Fungua gesi yote uone pua inavyokimbilia kushoto. Propela inazunguka kulia ukiitazama toka kwa rubani, hewa yake inajiviringisha mwilini mwa ndege na kuusukuma mkia kwa upande. Usipokanyaga pedali ya kulia unaishia majanini. Ukiona 172 ni pole, panda Super Cub, ile yenye gurudumu la nyuma chini ya mkia: mkia ukiinuka inavuta tena.

bi_rubani: Kusi, MSFS unaionea. Wengi wanaosema inateleza kama treni hawajazima misaada. Zima usukani wa mkia wa otomatiki na mchanganyiko wa mafuta na hewa wa otomatiki, halafu ondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na wenzo wa mchanganyiko ukiwa kwenye mafuta mengi kabisa. Pale ni zaidi ya futi 5,500, hewa ni nyepesi, injini inakohoa. Punguza mafuta kidogo, nguvu inarudi. Ukiwa Zanzibar, usawa wa bahari, huna kazi hiyo. Tena Cessna Caravan, ndege ya turbini, inakuja nayo, X-Plane hadi ununue.

kusi_mkali: Kwa misaada nakubali. Kwenye upepo wa ubavuni bado siamini.

mzee_wa_bure: Kasema laptop ya kawaida jamani! MSFS itamla bando kwa kuvuta mandhari na feni ilie usiku kucha. FlightGear ni bure. C172P yake ni ya kabureta, na kabureta inashika barafu usipovuta hewa ya moto. 172 za hao wenzangu zina injini ya sindano (mafuta hupulizwa bila kabureta), hiyo adha hawaijui. Picha zake za kizamani, sikatai.

jostiki_kongwe: Naanza na FlightGear basi. Ila Caravan niliijaribu kwa jamaa, naongeza gesi inachelewa kuitika. Ni hitilafu?

bi_rubani: Hapana mkuu. Injini yake ni PT6, turbini inayozungusha propela haijaunganishwa kwa shafti na ile ya kukandamiza hewa. Lazima hii ya kukandamiza hewa ipande mizunguko kwanza. Ukitua, usishushe gesi yote mapema.