Vijana wa video na madalali wa Unguja, acheni kuwadanganya wastaafu!

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa bei za viwanja, hasira zangu haziko kwenye bei.

Nimestaafu unesi Uingereza, umri umekwenda, mume sina, watoto wako huko huko na maisha yao. Kwetu ni Korogwe, ila nilitaka bahari, nikahamia Jambiani, huku Unguja. Kibali cha ukaazi ninacho, kodi nalipa, na majirani tunaishi vizuri. Ninachouliza ni nani aliyewapa hawa vijana wa mitandaoni leseni ya kuwahadaa wazee. Ukifungua simu, kijana kashika dafu, nyuma yake bahari ya buluu, anakwambia kwa pensheni ya Ulaya utaishi Zanzibar kama sultani, wewe na upepo wako, bila bughudha ya mtu. Huyo hajawahi kustaafu. Hata kuugua peke yake hajawahi.

Kwenye ardhi ndiko wanakochinjia watu. Dalali aliyenipangisha nyumba alinipeleka Bwejuu kuona "kiwanja cha Bi Mkubwa". Karatasi ya kiwanja ina muhuri wa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa huku Zanzibar), alama za vidole za wazee wawili na picha ndogo iliyobandikwa kwa gundi, imeanza kujikunja pembeni. Nikamuuliza, mimi mwenye pasipoti ya Uingereza nitaandikwaje hapo? Bila haya wala soni: "Tunaandika jina la mdogo wangu, mama, wewe unakaa zako kwa raha." Mdogo wake! Nimjue wapi?

Ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali tangu baada ya Mapinduzi, na haki ya kuitumia chini ya sheria ya 1992 ni ya Mzanzibari. Mgeni anakodishwa kwa njia ya uwekezaji, au ananunua fleti kwenye miradi inayoruhusiwa na sheria ya 2010. Hizo fleti ndizo wanazotangaza kwamba ukilipa kuanzia dola 100,000 unapata na kibali cha kuishi. Nesi gani ana hela hiyo? Na kabla hamjaniletea habari za hadhi maalumu ya diaspora, ile ya wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, kumbukeni ardhi si jambo la Muungano. Ndugu zangu wa Korogwe wenye kitambulisho cha NIDA mfukoni hawapati haki hiyo kwa kuwa Watanzania tu, sembuse mimi niliyepoteza uraia siku niliyoapa kwa Mwingereza. Kuna mzee wa Kijerumani huku pwani alijenga kwa jina la "rafiki". Rafiki alipofariki, warithi walikuja na mkeka wao wakakaa barazani. Leo mzee anapanga chumba.

Hiyo nyumba yangu sasa. Dalali alidai kodi ya mwaka mzima kwa dola, wakati tangu Machi 2025 ni marufuku nchini kutoza bei kwa fedha za kigeni. Nikalipa kwa shilingi, akanuna, lakini akazihesabu mara mbili. Aliniapia maji ni matamu. Kumbe siku ya kuonyesha nyumba tangi lilijazwa maji ya bowza! Lilipokwisha, pampu ikaanza kuvuta ya kisima, chumvi tupu. Birika limeota ukoko mweupe, sabuni haitoi povu, chai hainyweki hata ukitia tangawizi ya shamba zima. Nikimpigia simu ananiambia "mama vumilia, masika yaja". Mwenye nyumba yuko Oman, hapokei simu.

Pensheni nayo hawaisemi kabisa. Pensheni ya serikali ya Uingereza haipandi ukihamia Tanzania, inaganda pale pale ulipoondokea. Aliyehama mwaka 2023 na pensheni kamili ya pauni 203.85 kwa wiki anaendelea na hiyo hiyo mpaka kaburini. Mwenzake aliyechagua Mauritius, kisiwa vile vile na nazi vile vile, mwaka 2025 alikuwa anapokea 230.25, kwa sababu Mauritius iko kwenye orodha ya nchi wanakopandishiwa. Nani kati ya hawa wa dafu alishawahi kulitamka hilo?

Halafu tuje kwenye hiyo "wewe na upepo wako", yaani kuishi peke yako. Usiku mmoja presha ilinipanda, nikaiona mwenyewe kwenye kipimo, na kazi ile nimeifanya maisha yangu yote kwa hiyo siambiwi maana yake. Usiku daladala hakuna. Dereva wa teksi alinitajia bei ya mtalii, tukaenda mjini, zaidi ya kilomita 50. Hospitalini nesi, binti mpole tu, akaniuliza: "Umekuja na nani, bibi?" Nikamwambia na Mungu. Akacheka kidogo, akarudia swali. Simlaumu hata kidogo. Wodi zetu zinaendeshwa na ndugu wa mgonjwa: yeye ndiye anayekwenda kulipia, anayefuata dawa duka la nje, anayeleta uji na shuka, anayelala chini ya kitanda. Hospitali za wilaya zimejengwa, haki yao nawapa, lakini ndugu hajengwi. Aliyenikimbilia asubuhi ni jirani yangu anayelima mwani, aliacha maji yamekupwa, saa yao ya kazi, na kamba zake za mwani ufukweni, akaja na uji wa muhogo kwenye chupa ya chai. Siku ile alipoteza kipato chake kwa ajili yangu. Na daktari akisema uvushwe Dar usiku, boti za mwendo kasi zimeshafunga, utafute ndege kwa hela zako.

Sasa dalali wangu, najua humu upo, maana wiki iliyopita ulikuwa unatangaza "beach plot" kwenye uzi wa watu. Nataka kodi ya miezi iliyobaki, kwa shilingi zile zile nilizokupa. La sivyo tutakutana kwa sheha, na kutoka hapo mahakamani, risiti ninayo yenye sahihi yako.

Wengine, natafuta nyumba ya kupanga Bububu au Mbweni, vyumba viwili, ya chini, karibu na watu. Maji nitayaonja mwenyewe kutoka kwenye bomba kabla ya kutoa senti. Mwenye nyumba aje PM. Dalali asije.