Intakomu ya pikipiki ijipandishie sauti yenyewe kelele zikizidi, naombeni mwongozo

boxer_kimara
Wakuu habari za saa hizi. Natengeneza intakomu ya dereva na abiria, natumia ESP32 (kile kichipu cha kompyuta ndogo), maiki za INMP441 na ampu ya MAX98357A, umeme natoa kwenye betri ya pikipiki naushusha toka volti 12 mpaka 5. Kuongea tunaongea fresh, tatizo ni sauti. Kwenye foleni iko poa kabisa ila nikishatoka Kimara naitafuta Kibaha, spidi ikigonga 80 upepo unameza maneno yote, sasa nikiongeza kwa kitufe halafu nikafika kwenye matuta nikapunguza mwendo, sauti inanipasua masikio. Nikaona bora ipime kelele ijirekebishe yenyewe. Imekubali ila abiria akianza kuongea tu sauti inapanda, inapanda tena, inaenda mpaka mwisho na hairudi. Nifanyeje?

fundi_saketi
Mkuu hapo maiki inasikia spika yako yenyewe halafu programu inadhani ni kelele za barabarani, ndiyo maana inajikimbiza yenyewe. Usipime sauti yote. Upepo ndani ya helmeti nguvu yake kubwa iko huku chini kwenye besi, na vispika vya helmeti vya milimita 40 besi hiyo havina ubavu wa kuitoa, hata maneno ya mtu huko chini ni machache. Weka kichujio kwenye programu, bakiza sauti za chini ya hezi 120 hivi, upime hizo tu. Injini nayo itaingia humo maana Boxer 150 ni silinda moja stroki nne, ikizunguka mara 6000 kwa dakika inachoma mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, na hiyo ni kelele halali unataka ihesabiwe.

Halafu maiki ya kupimia iwe ya peke yake, usitumie ile ya mdomoni. Ifiche nyuma ya sikio chini ya sponji. Angalia kitu kimoja, INMP441 kitundu chake cha kusikilizia kiko upande wa chini, kinatokea nyuma ya kile kibao cha saketi, watu wengi wanapaka gundi hapohapo wanakiziba halafu wanasema maiki mbovu.

mama_wa_piki
Naongezea kwa fundi hapo juu. Kupanda kuwe taratibu, kushuka kuwe haraka. Mimi napandisha kwa sekunde 2 au 3, kushusha nusu sekunde. Lori likikupigia honi pembeni sauti haitakuwa na muda wa kuruka, na ukisimama kwenye matuta inashuka kabla hujaumia. Na usipandishe sawa kwa sawa, kelele zikiongezeka desibeli 10 wewe ongeza 5 au 6 inatosha, ukienda 10 kwa 10 utafika kwenye sauti ya hatari haraka sana.

boxer_kimara
Asante sana dada, asante fundi. Sasa hiyo ya hatari mwisho wake niuweke wapi?

fundi_saketi
NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, wanasema desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo 94 ni saa moja na 100 ni robo saa tu. Bahati nzuri INMP441 ikipigwa na desibeli 94 inatoa -26, yaani desibeli 26 chini ya mwisho wa namba zake za kidijitali, kwa hiyo unapata makadirio ya uko wapi bila kununua kipimo. Weka dari kwenye programu, ikifika hapo isipande hata kama upepo unavuma vipi.

mama_wa_piki
Na kaka vaa vizibo vya masikio vile vya sponji, nakuomba kabisa, hasa kama unaenda mbali. Watu wanaogopa hawatasikia intakomu ila vinapunguza upepo na sauti ya spika kwa pamoja, maneno yanabaki juu ya kelele vilevile kama mwanzo, tofauti ni kwamba sikio linapumzika. Upepo wa spidi 90 peke yake unaharibu sikio hata intakomu ikiwa imezimwa, hiyo programu yako haiwezi kuuzuia. Ukishavaa, hiyo kanuni ya 5 kwa 10 ijaribu upya, abiria wako naye avae ndipo mpange sauti ya kuanzia mkiwa mmesimama.

boxer_kimara
Sawa, naanza na kichujio cha hezi 120 na maiki ya pembeni. Vizibo nachukua Kariakoo, vya wawili.