Je, wakubisti, wale wachoraji wa mwanzo wa karne ya ishirini walioonyesha kitu kimoja kutoka pande kadhaa kwa pamoja, walichora maisha ya nyumbani, au walichora vyombo tu?

Msema Kweli: Wakubisti husifiwa kwa kuyaingiza maisha ya kila siku katika sanaa, lakini mimi ninaona vyombo visivyo na wenyewe. Katika picha ya kifungua kinywa ya Juan Gris ya mwaka 1914 limo birika la kahawa, vimo vikombe na karatasi ya ukutani iliyobandikwa kwa gundi, ila hayumo aliyeichemsha hiyo kahawa. Mwenzake Picasso naye alibandika kipande cha mkeka kwenye picha mwaka 1912, akaridhika. Na Braque, mkubisti mwenzao, tusisahau, alianza kwa kusomea kupaka rangi nyumba tu.

Fundi Rangi: Hilo neno "tu" limenichoma, kwa maana ndiyo kazi iliyowasomesha wanangu. Braque aliirithi kwa baba na babu yake, akajua kuburuta kitana juu ya rangi mbichi hadi ukuta wa kawaida ukadhaniwa kuwa ni mbao, na Picasso aliupata ujanja huo kwake. Maisha ya nyumbani yamo katika mkono wa fundi huyo, hata kama mezani hajaketi mtu.

Bibi Kijiko: Ndugu Fundi, kazi yako hakuna aliyeidharau, swali ni nani anaishi katika nyumba hizo. Mkubisti mwingine, Jean Metzinger, alimchora mtu mwaka 1911: mwanamke ameshika kijiko cha chai, na kikombe chake nusu kinaonekana kwa ubavuni, nusu kwa juu. Kasoro ni kwamba nguo hana. Nionyesheni nyumba ambayo mama hunywa chai ya jioni katika hali hiyo.

Msema Kweli: Ndiyo hasa hoja yangu. Wakichora vyombo wanamsahau mwenye navyo, wakimkumbuka wanamvua nguo.

Fundi Rangi: Isitoshe, ule wa Picasso si mkeka. Ni kitambaa cha meza kisichopitisha maji, kilichopigwa chapa ya kiti cha kusukwa, na picha nzima ikazungushiwa kamba badala ya fremu. Mtu asiyetofautisha mkeka na kitambaa cha meza atatufundishaje mambo ya nyumbani?

Msema Kweli: Uwe mkeka au kitambaa, aliyekuwa akikifuta bado sijaonyeshwa.

Fundi Rangi: Na meza yako wewe, leo asubuhi aliifuta nani?