"Kuwa makini" si ushauri, acheni kuwasimanga waliopigwa

Wadau, nimechoka. Mtu akija hapa jukwaani kueleza alivyopigwa na matapeli, majibu ni yale yale: "tamaa hiyo", "ulikuwa wapi wenzako wakielimishwa", "siku nyingine kuwa makini". Makini na nini? Tapeli anayeijua kazi yake hasubiri mwenye tamaa tu. Anamtaka mwenye hofu, mwenye haraka, na yule mstaarabu anayeona aibu kumkatia mtu simu.

Chukueni hii simu ya "benki", tapeli akijifanya mfanyakazi wake. Mnamcheka aliyemsomea namba ya uthibitisho, ile ya tarakimu 6. Meseji ile ni halali! Imetoka benki kwenyewe, kwa sababu tapeli, huku akiongea na wewe kwa upole, ameshafungua ukurasa wa kubadili neno la siri na kuingiza namba yako. Mfumo unakutumia tarakimu, yeye anasema "nisomee haraka tuuzuie wizi". Namba ya mpigaji nayo inaghushiwa. Jina la mtumaji wa meseji linaghushiwa pia, na kwa kuwa simu hupanga meseji kwa jina hilo, ya uongo inakaa chini ya zile za kweli za mwezi uliopita. Hapo umakini wa kukodoa macho unasaidia nini?

Kinachosaidia ni kukata. Usiage, usijieleze. Chukua namba iliyo nyuma ya kadi, piga wewe. Mfanyakazi wa kweli hapotezi kitu ukimkatia. Anayesema "usikate, nakuunganisha na mkubwa wangu" ameshajitaja. Na akikuomba upakue programu ya "kukusaidia", ujue anataka kuiona na kuiendesha simu yako kutoka alipo.

Viungo (linki) vya kwenye meseji: acheni kuambiana "angalia kufuli", ile alama iliyo kando ya anwani ya tovuti. Kufuli linamaanisha mawasiliano yamefichwa njiani, basi. Tapeli analipata bure. Angalia jina la tovuti: ruka mikwaju miwili ya mwanzo (//), nenda hadi mkwaju unaofuata (/), halafu soma kurudi nyuma. Mwenye nyumba yuko mwishoni. benkiyako.com.uhakiki.net ni mali ya aliyesajili uhakiki.net, hata neno benki lirudiwe mara kumi huko mwanzo.

Halafu ile "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie". Fungua salio mwenyewe, usiamini meseji. Haimo? Yameisha. Imo? Hapa ndipo waungwana wanapolizwa: usiirudishe kwa mkono wako. Huenda imeibwa kwa mtu mwingine, au mtumaji ameshaomba muamala ubatilishwe. Ukituma na ubatilisho ukapita, umetoa mara mbili. Waarifu wanaoendesha huduma hiyo, waibatilishe wao kwenye mfumo wao.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwa taasisi zenyewe. Zinatupigia simu bila kutangulia kujithibitisha, kisha swali la kwanza ni "tarehe yako ya kuzaliwa?" Zinatutumia viungo vilivyofupishwa ambavyo hata fundi hajui vinaelekea wapi. Zinatufundisha kutii sauti tusiyoijua, halafu zinabandika bango la "jihadhari na matapeli" na kunawa mikono. Ni kazi gani kuacha kabisa kuweka viungo kwenye meseji? Ni kazi gani kuandika, kabla ya zile tarakimu 6, "namba hii inahamisha kiasi fulani kwenda kwa fulani"? Mtu akisoma hivyo sentensi ya kwanza, tapeli anapumulia mashine. Nyingi bado zinaandika "namba yako ni" na kunyamaza.

Na ninyi mtakaokuja hapa chini na "namjua mtaalamu wa kurudisha pesa zilizoibwa, njoo inboksi", tunawajua. Anayetaka ada kwanza ndipo akurudishie kilichoibwa ni mwizi wa zamu ya pili. Mods, anzeni na hao.