Aliyelazwa ndiye mwenye kingamwili nyingi?

Mama Dagaa, Tanga: Habarini wadau. Mwaka 2021 mimi na kaka yangu tuliugua korona wiki ileile, hapahapa Ngamiani. Mimi nilipoteza harufu tu. Dagaa wanaungua jikoni, sisikii kitu mpaka jirani apige kelele. Kaka aliwekewa oksijeni siku tisa. Baadaye tukapimwa damu: yeye kingamwili tele, mimi kiduchu. Sasa kama hizo ndizo askari wa mwili wa kupambana na kirusi, mbona mwenye jeshi kubwa ndiye aliyelazwa?

Mtu wa Maabara: Pole dada. Kingamwili hazikumlaza. Kirusi kilizaliana sana kikakaa sana, na mwili ukazidi kuzitengeneza. Kwa kawaida huonekana kwenye damu wiki moja hadi mbili baada ya dalili, na kufikia hapo mapafu yameshaumia. Moto mkubwa, ndoo nyingi. Nani alaumu ndoo?

Babu Raskazone: Ila si zote njema. Mwaka 2020 watafiti waliona karibu mgonjwa 1 kati ya 10 wa waliozidiwa ana kingamwili zinazoshambulia interferoni, kengele ya mwili wenyewe ya kuonya kirusi kimeingia! Wengi wanaume, ndiyo maana nilishtuka.

Mama Dagaa: Kwa hiyo kiduchu changu hakifai?

Mtu wa Maabara: Kinafaa. Kuna na seli T, askari wengine wa kinga, kipimo hicho hakizioni. Ulichanja?

Mama Dagaa: Nilichanja, mkono ukauma siku mbili. Kaka kagoma, eti jeshi analo.