Kichwa cha shaba kimetoa unga wa kijani: tusugue au tuache?

MwlBaharini:
Wakuu, naomba msaada kabla ya Jumamosi. Shuleni kwetu Tanga kuna kichwa cha shaba cha mwasisi wa shule. Kiko nje uwanjani, na bahari unaiona ukisimama getini. Miaka yote kilikuwa kahawia iliyoiva. Sasa nyuma ya masikio na chini ya kidevu kimetoa unga wa kijani mpauko, ukigusa unabaki kidoleni. Kamati ya mahafali imeshanunua ndimu, chumvi na stilwaya, halafu wakipige rangi ya dhahabu. Mimi roho inasita. Sanamu ya Askari pale Samora, Dar, ipo tangu 1927 na sijawahi kuiona inameta.

FundiKitasa:
Ndimu na chumvi ndizo tulizosugulia sinia za bibi, zikang'aa kama jua. Msipoteze hela, mwalimu.

MamaPatasi:
Mwalimu, hiyo chumvi irudi jikoni. Sinia ya bibi ilioshwa, ikakaushwa, ikarudi kabatini. Kichwa chenu kinalala nje. Nimekaa karakana ya kuhifadhi vitu vya metali miaka kumi na tisa kabla sijastaafu, na huo unga tumesumbuana sana.

Kijani ni cha aina mbili. Kile kilichoshika sawasawa ni ngozi ya shaba yenyewe, kiacheni. Sanamu ya Uhuru kule New York ilikarabatiwa 1984 hadi 1986 na kijani chake kikaachwa. Bati lake la shaba lina unene wa milimita 2.4 tu, ukisugua unalipunguza. Unga wenu ni habari nyingine. Kloraidi ya chumvi ya bahari huingia kwenye vitundu ikashikana na shaba. Ikipata unyevu na hewa hugeuka unga, na katika kugeuka huko hutoka asidi inayokula shaba nzima iliyo chini. Kloraidi haiishi, inazunguka tu. Karakana tuliuita ugonjwa wa shaba. Sasa ninyi mnataka kuongeza chumvi kwa mkono, na ndimu juu yake! Rangi nayo itaifungia chumvi ndani, mwisho ivimbe na kubanduka.

Pigeni picha pande zote kwanza. Unga utoke kwa kijiti cha mwanzi na brashi laini. Osheni kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya visima vya pwani siyaamini, nunueni yale ya kuongeza kwenye betri za magari, ila someni chupa vizuri msije mkauziwa asidi. Sabuni tone tu, na isiwe ile ya maji ya kupimiwa mtaani, maana huwekwa chumvi iwe nzito (hili watu wengi hawalijui). Suuzeni, suuzeni tena. Kikishakauka na jua la saa saba limekipasha moto, pakeni nta nyembamba, ikipoa mng'arishe kwa kitambaa cha pamba. Rudieni kila mwaka kabla ya masika. Mashimo yaliyokwisha kuugua tulikuwa tukiyatibu kwa benzotriazoli, na hiyo si dawa ya kushikwa na wanafunzi.

Gereji_Chumbageni:
Kwa nini isiwe vanishi, mara moja mkamaliza?

MamaPatasi:
Vanishi ya akriliki inatumika, mwanangu. Kazi iko siku inapopasuka: maji yanapenya chini yake mahali usipopaona, na kuitoa yote ni kemikali na jasho. Nta unaifuta kwa tapentaini.

MwlBaharini:
Shikamoo mama. Kamati imekubali kuahirisha dhahabu, na chumvi imekwenda kwa mpishi. Ila leo nimepanda ngazi nikaona kitu. Kichwa kimekazwa kwenye nguzo ya saruji kwa boliti nne za chuma, na michirizi ya kutu inashuka.

MamaPatasi:
Marahaba. Basi hapo ndipo pa kuanzia, unga utasubiri. Chuma na shaba vikigusana penye maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Mifupa ya chuma ya ile Sanamu ya Uhuru iliisha hivyo hivyo, ikabidi wabadilishe kwa chuma kisichoshika kutu. Msilegeze hata boliti moja kabla kichwa hakijashikiliwa kwa mkanda na winchi, na watoto wakae mbali. Nipigie picha ya boliti iliyo upande wa bahari, karibu kabisa, nione imebaki unene gani.